Kisanduku cha Alhamisi

Hema kubwa lilikuwa moja tu, na Jumamosi ile liliahidiwa kwa maharusi wawili. Mmoja alilipata. Mwingine alikaa juani na wageni wake, na jioni kaka zake wakaja ofisini wakamwambia Shemeji maneno ambayo mtu mzima hapendi kuambiwa mbele ya wadogo zake. Shemeji aliwarudishia fedha zao zote, akaongeza na za usumbufu, kisha akawasindikiza mpaka barabarani akiwa amekunja mikono nyuma kama mwanafunzi.

Aliporudi, aligeuka moja kwa moja kwa mke wa mdogo wake, aliyekuwa ameketi nyuma ya meza yenye laptopu.

"Katibu," akasema, "wewe ndiye unayeijua mashine hiyo. Tafuta kitu. Sitaki kuaibishwa tena."

Jina la Katibu lilianza kama utani. Wiki ya kwanza baada ya kuolewa, walimwona akichapa kwa vidole vyote bila kutazama chini, na Wifi akasema kumbe tumeoa katibu. Jina likaganda. Kazi nayo ikaganda. Ofisi ilikuwa sebule ya mbele ya nyumba ya Shemeji, makochi yamesukumwa ukutani na viti vya plastiki vimebebana barazani mpaka karibu na dari. Shemeji ndiye aliyeianzisha biashara ile ya kukodisha mahema na viti. Mdogo wake, mume wa Katibu, aliendesha lori, na kila mtu alimwita Dereva, hata mama yake alipokuwa hai. Wifi, dada yao, alipokea simu na kushika fedha. Katibu na mumewe na binti yao mdogo waliishi katika vyumba viwili vya uani. Mshahara hakuwa nao. Shemeji alikuwa akisema, kwa upole wake wa siku zote, kwamba mke hapangiwi mshahara na ndugu wa mumewe kama kibarua, na alilisema hilo kama mtu anayempa mwenzake heshima.

Basi Katibu akatafuta. Hakuwa mtu wa kukurupuka. Kwanza alijiuliza nyumba ile inataka nini hasa: wote waone kitu kimoja kwa wakati mmoja, waone kwenye simu zao, kifunguke hata mtandao ukiwa dhaifu, na Wifi, ambaye kusoma kulimchosha, aelewe kwa kutazama tu. Kisha akajaribu programu moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilikuwa na vitufe vingi kuliko vifungo vya koti la mlinzi wa hoteli, na kila alichobonyeza kilifungua vingine. Ya pili ilitaka kadi ya benki kabla hata ya kumsalimu. Ya tatu ilikuwa nzuri sana, ila ilitoza kwa kichwa, na Shemeji akacheka akasema hata kodi ya enzi za babu yake iliyohesabu vichwa ilikomeshwa.

Mwishoni alipata kalenda ya bure, rahisi mpaka akaitilia shaka. Ilikuwa na safu na visanduku, basi. Kila hema lilikuwa na safu yake, na kila siku ilikuwa na visanduku vyake. Ukiandika ndani ya kisanduku, kinapata rangi yako, na simu za wenzako zote zinatikisika. Ukifuta, inaandika nani kafuta. Akampa Shemeji kijani, Wifi njano, mumewe bluu. Yeye alichukua rangi iliyobaki, kijivu.

Ilifanya kazi. Hakuna hema lililoahidiwa mara mbili tena. Shemeji aliitazama simu yake kama mtu anayetazama bustani yake mwenyewe, na wateja walipopokea ujumbe wa kuthibitisha siku yao, walipiga simu kusifu.

Ni Shemeji aliyesema, jioni moja wakinywa chai, kwamba hema haliendi lenyewe. Kama tunajua hema liko wapi, tujue na mtu yuko wapi. Wazo lilikuwa zuri, wote wakakubali, na Katibu naye akakubali. Akaongeza safu za watu chini ya safu za vitu. Yake aliiweka mwisho kabisa, chini ya safu ya meza za chuma, kwa mikono yake mwenyewe.

*

Siku za mwanzo walifanya mchezo. Dereva alijaza mchana mzima neno moja, Kulala, na Shemeji akalifuta kutoka chumba cha pili huku wote wakisikia simu zikitikisika na wakicheka. Lakini mchezo ulikuwa wa Dereva tu. Safu yake ilijaa safari, na mtu aliye safarini haguswi. Safu ya Katibu ndiyo iliyokuwa na visanduku vyeupe, na macho ya mtu yakiona nafasi nyeupe hayatulii.

"Katibu, nimeona kesho adhuhuri huna kitu," Wifi angesema. "Nimekuwekea vitambaa vya meza."

Vitambaa vikafuliwa. Siku ya pili Shemeji aliweka kufuatilia viti vilivyovunjika. Ya tatu Wifi aliweka kumpeleka mwanawe kwa daktari wa macho, kwa kuwa yeye simu zilimbana. Zamani, Katibu akichoka, alisema anaingia uani mara moja, na ile mara moja ilikuwa na upana wake. Angeweza kujinyoosha kitandani, angeweza kukaa na binti yake wakachora. Sasa uani hakukuwa na kisanduku. Alijaribu kuandika Kupumzika, akaona aibu kabla hajamaliza neno, akalifuta mwenyewe. Kalenda ikaandika kwamba Katibu kafuta. Wifi akauliza amefuta nini.

Hakuna aliyemtesa. Hilo ndilo lililomnyima la kusema. Walimwomba vizuri, walimshukuru, na Shemeji aliwaambia wageni kwamba bila huyu shemeji yangu ofisi hii ingekuwa imefungwa. Alimwambia mumewe usiku mmoja na asubuhi mbili kwamba anatamani kufanya kazi mahali pengine, alipwe, arudi nyumbani kama watu wanavyorudi. Mumewe alisikiliza kwa makini, maana alikuwa msikivu, na kila mara alijibu neno lile lile: tutaongea na kaka.

Kisha mteja mmoja alipiga simu. Alikuwa mwanamke mwenye kampuni ya kutengeneza majokofu ya maduka, aliyekodi viti kwa sherehe ya wafanyakazi wake. Viti vilikuwa vimesharudi. Alichotaka ni kujua nani aliwapangia kazi yao namna ile. Katibu akasema ni yeye. Yule mama akamwambia ana mafundi wanaozunguka mji mzima na hajui nani yuko wapi, amejaribu programu za watu wakubwa zikamshinda, anataka kitu kidogo na mtu wa kukisimamia.

"Njoo Alhamisi saa nne unionyeshe," akasema. "Ukinifaa, Jumatatu unaanza. Mshahara upo."

Katibu alishukuru kwa sauti ya kikazi, kwa sababu Wifi alikuwa ameketi meza ya pili akila karanga. Akafungua Alhamisi. Asubuhi yake ilikuwa nyeupe. Alijua kwamba haitabaki hivyo mpaka jioni, kwa hiyo akaandika haraka kitu cha kwanza kilichofanana na kazi: Kupima uwanja, Mama wa Majokofu. Kupima uwanja wa mteja alikwenda peke yake siku zote, kwa miguu au kwa basi, na tepu ndani ya mkoba. Kisanduku kikawa cha kijivu. Akapumua.

Alikuwa amesahau jambo moja, ingawa yeye ndiye aliyelichapa. Shemeji alikuwa ameweka utaratibu mpya mwezi huo: mteja akionyeshwa mkanda wa kupimia anasema atafikiri, mteja akionyeshwa hema lenyewe hasemi kitu, kwa hiyo anayekwenda kupima aende na hema. Kabla karanga za Wifi hazijaisha, simu zilitikisika. Kijani kilikuwa kimeingia katika safu ya hema kubwa, Alhamisi asubuhi. Kikaingia katika safu ya lori. Kikaingia katika safu ya Dereva. Mteja asiyekuwepo sasa alikuwa na hema, gari na mtu wa kumhudumia.

*

Jumatano fundi viatu wa mtaani alikuja akasimama mlangoni, hakuingia. Mkewe alikuwa amefariki alfajiri. Alikuwa bado amevaa aproni yake ya ngozi, labda kwa kuwa hakuna aliyemkumbusha kuivua. Alisema maziko ni kesho, watu watakuwa wengi, na jua ni kali.

Wifi alimpa pole, pole ya kweli, mpaka machozi yakamlengalenga. Kisha akafungua simu, akasogeza kidole, akatikisa kichwa. Mahema madogo yote yalikuwa kwenye shule fulani. Hema kubwa lilikuwa na mtu.

"Baba, kesho limeshikwa. Ungewahi jana."

"Jana alikuwa hai," yule fundi akasema.

Katibu alikuwa ameinamia laptopu. Alihisi masikio yakiwaka. Fundi yule ndiye aliyekuwa akishona kandambili za binti yake na kukataa malipo, akisema viatu vya mtoto ni vya kujifunzia sindano. Angeweza kufuta kisanduku, aseme mteja ameghairi. Alhamisi ingekuwa nyeupe tena, na Wifi angeijaza msiba huohuo, kupika chai, kupanga viti, toka asubuhi mpaka jua litue. Saa nne ingepita akiwa ameshika birika.

"Yule wa majokofu hahitaji hema," akasema. "Alinipigia. Anataka viti tu."

Wifi alimtazama fundi kwa furaha, akafuta kijani, akaweka njano. Fundi aliinamisha kichwa, akaondoka bila kuuliza bei. Lakini Shemeji, simu yake ilipotikisika, aliingia kutoka barazani akauliza ni mteja gani anayekataa hema kabla ya kuliona. Alitaka apigiwe sasa hivi, kwa spika, aongee naye mwenyewe kibiashara.

"Hapokei simu, Shemeji."

"Umejaribu?"

"Nimejaribu."

"Jaribu nikiwa hapa."

Katibu akaishika simu, akabonyeza namba ya binti wa shangazi yake, ambaye alijua huwa hapokei simu akiwa darasani kufundisha. Ikaita mpaka ikakatika. Shemeji alisimama juu yake muda wote, mikono nyuma. Hakuonekana kushuku. Alionekana kuhuzunika kwa ajili ya mteja.

"Basi hema acha liende msibani, ni haki," akasema. "Ila viti tuvipeleke. Akiviona atabadilika. Dereva atakupeleka, usihangaike na basi. Unatuhangaikia sana."

*

Alhamisi Dereva alifunga kamba ya mwisho juu ya viti, akamfungulia mkewe mlango wa lori. Alikuwa mchangamfu. Njiani alisimulia jinsi mlinzi wa shule alivyodai aonje keki kabla ya kufungua lango, akaiga sauti yake, na Katibu akacheka mahali pa kucheka. Zaidi ya mara moja alifungua mdomo amwambie. Kila mara aliona jibu likija kabla ya swali, tutaongea na kaka, akaufunga. Mumewe akamuuliza kama ana njaa.

Kampuni ya majokofu ilikuwa ndani ya ua wenye lango la mabati. Alimwambia mumewe asubiri, asishushe kitu mpaka aitwe. Akaingia na mkoba wake na tepu ya kupimia ndani.

Chumba kilikuwa na harufu ya gesi na chuma kilichokatwa, na mashine ya kompresa iliyofunguliwa ilikuwa imelala juu ya magazeti. Mwenye kampuni alikuwa amevua miwani na kuipandisha kichwani. Kando yake aliketi fundi wake mkuu, mzee mnene mwenye mafuta kwenye kucha, ambaye alionekana kuletwa kwa nguvu. Katibu akaomba kompyuta yao, akafungua kalenda ya nyumbani ili waone kitu kilicho hai, maana hakuwa na mfano mwingine. Akaeleza safu, akaeleza visanduku. Sauti yake ilitulia. Alieleza kwa nini rangi, kwa nini si nyingi, na kwa nini mtu akifuta lazima ionekane.

"Sasa hivi, kwa mfano," akasema, akiwaonyesha Alhamisi, na papo hapo kisanduku cha kijani kikaingia mbele ya macho yao, safu ya mwisho kabisa. Kuhesabu viti msibani, saa nane. Hawajamaliza kukisoma, cha njano kikakaa chini yake. Kukusanya birika na vikombe. Kisha kingine cha njano, cha Ijumaa. Kisha Jumamosi.

Fundi mkuu alichangamka kwa mara ya kwanza. "Huyu wa chini wanamfanyisha kazi hasa. Ni punda gani huyo?"

"Ni mimi," Katibu akasema.

Mzee aliangalia kucha zake. Mwenye kampuni hakucheka wala hakumwonea huruma. Alishusha miwani, akasoma safu ile kwa muda.

"Ndicho ninachokitaka," akasema hatimaye. "Mafundi wangu wasipate pa kujificha. Na yako iwepo, chini ya yangu."

Katibu alitazama kiti alichokalia, mlango, kompresa iliyofunguliwa juu ya magazeti. Angeondoka safu moja aingie nyingine, na hii nayo angeichora mwenyewe.

"Inaisha saa ngapi?" akauliza.

"Nini?"

"Safu yangu. Kwa siku."

"Saa kumi na moja. Baada ya hapo nikutafute wa nini, nami nina nyumba." Akataja mshahara. Haukuwa mkubwa. Fundi mkuu akakohoa kidogo, kama mtu anayejua kwamba wenzake walianza na zaidi. Katibu aliulizia kama unalipwa kwa jina lake, akaambiwa sasa ulipwe kwa jina la nani.

Akakubali. Kisha akaomba dakika moja na kompyuta ile ile. Akaenda Jumatatu, akaandika katika safu ya mwisho: Kazini, Kampuni ya Majokofu, mpaka saa kumi na moja. Akaiburuta mpaka Ijumaa. Rangi ya kijivu ikatanda wiki nzima, juu ya vitambaa na mabirika ambayo bado hayajawekwa. Alikuwa hajawahi kuandika kitu kirefu hivyo juu yake mwenyewe.

Kikakaa kwa muda wa kuvuta pumzi mbili tatu. Kisha kikafutika, siku baada ya siku, kutoka Ijumaa kurudi nyuma, na pembeni kalenda ikaandika kwa herufi zake ndogo: Dereva amefuta.

*

Lori lilikuwa nje ya lango, nusu ya viti vikiwa chini kwenye vumbi. Dereva alikuwa akivirudisha juu kimoja kimoja. Alikuwa ameshusha kwa moyo safi, akisaidia, mpaka mlinzi alipotoka akamuuliza ni vya nani, na ndani ya ua hapakuwa na mtu aliyeagiza viti. Alikuwa amebishana kwa ajili ya mteja wake. Shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Hakuna mteja," Katibu akasema.

"Nimeshaona."

"Na umefuta."

"Nimefuta kabla kaka hajasoma. Yuko msibani, simu iko mfukoni." Akapandisha kiti, akakipiga kikakaa. "Ungependa aone vile? Kwenye simu, mbele za watu? Mambo hayo hayaandikwi, mke wangu, yanasemwa. Jioni tukae naye, nitaanza mimi polepole."

"Umeanza mara ngapi?"

Dereva alipandisha kiti kingine, akakishusha tena, maana alikiweka kinyume.

"Nilikuwa nakukinga," akasema.

Katibu alijua kwamba ni kweli. Aliliona hilo usoni pake, na aliona vumbi kwenye viatu vyake na mlinzi aliyekuwa bado akiwachungulia, akaona pia kwamba kukingwa huko kulikuwa kumemchukua miaka. Hakuwa na hasira ya kutosha kugombana barabarani. Akatoa simu mkobani, akaegemea bodi ya lori palipokuwa na kivuli, akaandika tena Jumatatu. Hakuburuta. Aliandika siku moja moja. Simu ya mumewe ikatikisika mfukoni, ikatikisika tena, mpaka Ijumaa.

Dereva aliitoa. Aliiangalia ile kijivu, na kidole chake gumba kikabaki hewani juu ya kioo. Alikuwa mtu ambaye hakuwahi kumpiga, hakuwahi kumtukana, na hakuwahi kumwambia kaka yake hapana. Viti vilikuwa vimebaki vichache chini.

Ndipo simu ya Katibu ikaanza kuita. Jina lilikuwa la Shemeji. Nyuma ya mlio wake waliweza kuwaza hema kubwa, watu wamekaa kivulini, na yeye akijitenga pembeni na mkono mmoja nyuma.

Katibu alimtazama mumewe, kwa mazoea, amsubiri aseme atapokea yeye. Dereva alishusha kidole bila kugusa kitu, akaiweka simu yake mfukoni. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeogopa.

"Pokea," akasema. "Anakuita wewe."

Akainama kuokota kiti. Katibu akapokea, akaacha Shemeji aulize swali lake lote mpaka mwisho, kwa upole wake wote.

"Ndiyo, Shemeji," akasema. "Umesoma sawasawa."